Namba ya Tohara

Kila upasuaji una namba yake kwa bima, na jipu lilikuwa na yake.

"Weka ya tohara," daktari mwenye kliniki alimnong'oneza Kalekye, karani wake. "Jipu hailipi."

Kalekye alimtazama kama mtu anayetazama kupe. Vyeti vyote hivyo ukutani, na tumbo bado la fisi! Akaibonyeza namba hiyo.

Kisha akamsogezea mashine ya alama za vidole mzee wa Kathonzweni, aliyesimama dirishani na bandeji kubwa kwenye kidole gumba kilichopasuliwa jipu.

"Mzee, weka kile kidole kizima hapa," alisema kwa sauti kubwa ya mimbarini, "ukubali kwamba leo tumekutahiri."

Foleni nzima iligeuka kumtazama mzee.

Mzee alivua kofia, akaiweka kaunta, akaanza kufungua mshipi.

"Huyo daktari ako wapi? Aje anionyeshe penye amekata."