Nusu kwa Nusu

Sonara aliviunganisha vipande viwili vya jiwe jekundu chini ya lenzi mbele ya dada na mdogo wake, vikashikana barabara kama meno ya mamba.

"Jiwe la ukubwa huu, safi hivi, sijapata kuliona tangu nizaliwe," alisema. "Lingekuwa zima, lingewanunulia mtaa pamoja na mbwa wake. Vipande vyenye nyufa hivi huuzwa kwa kikombe, kama karanga. Nani alishika nyundo?"

"Dada," alijibu mdogo wake kwa uchungu. "Eti urithi wa baba tugawane sawasawa, maana mimi ni mwizi tangu tumboni."

Dada mtu hakumsikia. Macho yalikuwa yamemganda mezani.

"Fundi," alisema, "hebu pima tena. Hicho chake si kikubwa kuliko changu?"