Kompaila ya Waceke

Kompyuta ilimjibu Waceke kwa mara ya saba kwamba amri hiyo haiijui. Kwa miaka mitatu ilikuwa ikiijua vizuri. Lakini wikendi mafundi kutoka Nairobi walikuja kuiwekea Windows 95, wakafuta kila kitu kisichokuwa kwenye orodha waliyopewa, na orodha hiyo iliandikwa na Githae.

Githae alikuwa shemeji ya meneja. Mpaka majuzi alikuwa akikiuzia kiwanda hiki cha ngozi karatasi. Siku hizi alikuwa na meza na tai. Kwenye orodha alibakiza programu iliyojulikana na kiwanda kizima, ile ya kuonyesha ngozi zipi zitoke kwenye mapipa ya dawa na lini, zisije zikaharibika. Hakubakiza kompaila, zana ambayo Waceke aliitumia kuiunda programu hiyo kwa miaka mitatu ya saa za chakula cha mchana, wenzake wakila githeri yeye akibonyeza. Githae hakujua hata kazi ya kompaila ni nini.

"Programu inafanya?" Ndung'u, meneja, aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa na soksi tupu, maana chumba cha kompyuta hakikuingiwa na viatu.

"Inafanya, sir. Lakini kompaila imefutwa, siwezi kuibadilisha. Hata neno moja, siwezi."

"Hapana, hiyo haiwezekani. Kuna laini mpya ya mapipa inakuja, lazima iingizwe. Hicho kitu kirudi leo kabla ya saa kumi. Si unajua kesho ni interview?"

Alijua sana. Kesho, Ijumaa, watu wa makao makuu wangekuja Thika kutafuta mkuu wa kompyuta. Miaka tisa Waceke alikuwa karani wa kupiga chapa, akitumwa chai na watu aliowazidi akili, na cheo hicho alikitaka mpaka usingizi ukampaa. Sasa bosi mwenyewe alikuwa akihangaika ili programu yake iwe tayari. Roho ikamlainika. Kumbe mzee huyu ana utu, alijiambia.

Langoni alikutana na Kiilu, msimamizi wa mapipa, akamwambia habari za laini mpya.

"Laini gani?" Kiilu alicheka. "Hata haya tuko nayo yanavuja, na hakuna mtu anatusikia."

Waceke hakumjali. Kiilu alikuwa mtu wa kulalamika tangu azaliwe.

Alishuka Ruiru kwa Muna, rafiki yake mwenye duka la kupiga chapa, ambaye alikuwa amemwekea nakala za disketi za kompaila. Muna alizitoa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, tisa, zimefungwa kwa mpira.

"Na kwani lazima leo?" Muna aliuliza. "Si interview ipite kwanza?"

"Ndung'u anataka ning'are."

"Ndung'u?" Muna alimtazama. "Haya. Nenda ung'are, basi."

Saa nane Waceke alikuwa amerudi, viatu mlangoni, akilisha mashine disketi moja baada ya nyingine. Zote zilikubali. Akaandika amri, mashine ikakataa. Angelia, lakini hakuwa na wakati. Zana zilikuwa ndani, ila Windows hii mpya haikuambiwa zimekaa wapi. Aliongeza mstari mmoja wa kuielekeza, akaizima, akaiwasha. Akajaribu tena, na kompaila ikaamka, ikaisoma kazi yake yote na kuiunda upya bila kosa hata moja. Waceke alipiga makofi peke yake.

Githae akaingia, akavuta kiti. "Ai, Waceke, wewe ni mkali. Kwa hivyo sasa mtu anaweza badilisha kitu chochote?"

"Chochote."

"Hebu niandikie hizo steps. Ukipandishwa cheo hatutaki kukusumbua kila saa."

Maneno hayo yalimwingia kama uji wa moto asubuhi ya Julai. Akamwandikia hatua zote kwa mwandiko safi, kutoka kufungua faili hadi kuunda upya, akazibandika kando ya kioo cha kompyuta. Kisha akaenda nyumbani kupiga pasi blauzi.

Asubuhi viti vya kungojea vilikuwa viwili. Waceke alikalia kimoja, cha pili kilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa tayari ndani. Nusu saa ilipita kabla ya mlango kufunguka na Githae kutoka, akapita akirekebisha tai, macho yake yakiwa ukutani.

Ndani, Bwana Uthman wa makao makuu alimwonyesha kiti kwa adabu. Ndung'u alikuwa kando yake, akipekua karatasi ambazo hazikuwa na haja ya kupekuliwa. Kompyuta ilikuwa imeletwa mezani, na programu ya ngozi ilikuwa imefunguliwa ukurasa wake wa kwanza, herufi nyeupe juu ya buluu, rangi alizozichagua Waceke mwenyewe: *Imetungwa na Githae Muriuki.*

"Bwana Githae anasema wewe ndiye ulimpigia chapa kazi hii yote," Bwana Uthman alisema akitabasamu, kalamu tayari. "Tuambie, mama, unapiga maneno mangapi kwa dakika?"