Kiwavi wa Namkunda

Tangu wadudu wapigwe marufuku bustanini, mashine ndogo ya kuruka ilipita kila asubuhi juu ya vitalu vya Usangi, ikiua chochote kinachotambaa. Kabichi za Namkunda zilinawiri bila tundu hata moja, naye alizichukia.

Asubuhi hiyo aliona jani limetobolewa. Alipoligeuza akamkuta kiwavi wa kijani akitafuna bila haraka. Enzi za uhai wa mumewe, Eliamani, viwavi walikuwa tele, na mzee yule alishinda ameinama akiwanyunyizia majivu huku akiwagombeza: “Kuleni, lakini mbakishieni na mke wangu!” Siku hizi bustani ilikuwa kimya.

Binti yake, Nakiete, akachungulia dirishani. “Mama, mashine inakuja. Umeona mdudu?”

“Sijaona kitu, mwanangu.”

Akamchukua kiwavi, akamfumbata kiganjani. Mashine ikapita juu ya kabichi, ikarudi, ikashuka mpaka usawa wa kifua chake.

“Fungua mkono, mama,” ikasema kwa upole.

Namkunda akakaza vidole. Kiwavi akamtekenya, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka kwa sauti.

Mashine haikuondoka; ilielea mbele ya ngumi yake, ikisubiri ifunguke.