Kinu cha Mama Edith

«Inatangazwa kwa wakaaji wote wa nyumba mpya za siti kwamba, kuanzia tarehe mosi Juni 1952, kutwanga kinuni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ni marufuku, isipokuwa katika sikukuu zitakazotajwa baadaye kwa tangazo jingine.»

Karatasi hiyo ilibandikwa karibu na bomba la maji la siti, mtaa wa Waafrika pembeni mwa mji wa wazungu. Haikutaja jina la mtu, wala haikuwa na haja ya kulitaja. Katika mtaa ule kinu kilicholia kabla ya mapambazuko kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa uani kwa Anaclet, fundi cherehani aliyeshinda kuanzia saa moja asubuhi katika duka la Mgiriki mjini.

Mlalamikaji alikuwa Clovis, muuguzi, jirani wa upande wa pili wa ua. Alikuwa ameiomba serikali ya kikoloni imtambue kuwa mstaarabu, yaani Mwafrika anayeishi kizungu, na aliamini kwamba kinu cha jirani kinamharibia ombi.

Godefroid, karani wa nyumba, alikuja kutoa onyo.

«Baba Edith, bibi yako anatwanga bantu bangali banalala. Hii ni mara ya mbili. Ya tatu, nyumba inaenda.»

«Nitamuambia,» alijibu Anaclet.

«Mwite, nimuambie miye mwenyewe.»

«Karani, unajua mambo yenye ilimufikia.»

Godefroid alijua, mtaa mzima ulijua. Wivine alikuwa amekwenda kwao Kongolo kujifungua mtoto wa pili, na mtoto hakuishi. Kwa maneno ya Anaclet, alirudi kwa treni ya usiku. Hakuna aliyemwona akishuka. Majirani walipata habari ya kurudi kwake asubuhi yake, kinu kilipolia. Kwa desturi ya kwao, mwanamke aliyezika mtoto mchanga hatoki nje wala hasalimiani na watu mpaka wakubwa wa ukoo waje kumtoa. Wakubwa walikuwa mbali, na mpaka wafike Edith alishinda dukani kwa baba yake. Karani aliuheshimu mlango uliofungwa, akaenda zake.

Nyumba ile haikuwa jambo dogo. Kabla yake Anaclet alikuwa amepanga chumba cha mabati, ambamo wezi waliingia kwa kuinua bati kama mtu anayefunua sufuria. Kisha alipanga chumba cha udongo, na mvua ya kwanza ikaangusha ukuta juu ya kitanda cha Edith. Bahati nzuri mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake. Hii ya sasa ilikuwa ya matofali, yenye vyumba viwili na mlango wenye kufuli, kwa kodi ambayo fundi cherehani aliweza kuilipa. Ilitolewa kwa mwanaume mwenye ndoa tu, anayekaa na mkewe. Wanaume wengine walikuwa na kambi yao, wanne kwa chumba, na mtoto wa miaka miwili hapokelewi huko.

Baada ya onyo, kinu kilinyamaza. Haikupita muda, Adolphine wa nyumba ya mbele akaja na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

«Mama Edith iko? Kinu yake imenyamaza.»

«Iko. Analala.»

«Mwanamuke gani analala saa hii? Ao alikukimbia, Baba Edith?»

Adolphine alicheka. Anaclet naye alicheka kidogo, akaipokea sahani. Kesho yake kinu kililia tena, mapema kuliko zamani.

Bombani wanawake waliusikiliza ule mshindo kama watu wa kwaya wanavyomsikiliza mgeni.

«Anatwanga mubaya,» alisema mmoja. «Ni kama muntu anachimba shimo.»

«Huzuni inamusahaulisha kazi.»

«Na sauti ni kavu. Sijue anatwanga nini.»

Wiki ile ile, Mgiriki aliona doa la damu kwenye shati jeupe la mteja. Anaclet alionyesha viganja vyake vilivyochubuka, akasema ni pasi ya makaa. Mgiriki, ambaye hakuwa amewahi kuishika pasi, aliridhika.

Clovis alilalamika mara ya tatu. Ofisi ya nyumba, ambayo haikupenda kumfukuza mtu kwa maneno ya jirani peke yake, ilimtuma Godefroid akamwone mkosaji kwa macho.

Alifika kabla ya jua, moshi wa bomba kubwa la kiwanda ukiwa umelala juu ya mapaa. Alichungulia juu ya ua. Aliona kitenge kilichofungwa kiunoni, kitambaa cha kichwani, mtoto aliyelala mgongoni, na mchi ukipanda na kushuka. Ndani ya kinu hamkuwa na kitu.

Alisukuma mlango wa ua. Mwenye mchi aligeuka. Alikuwa Anaclet.

«Alibakia Kongolo na mutoto wake,» alisema kwa sauti ya chini, ili Edith asiamke. «Balibazika kaburi moja.»

Godefroid aliurudisha mlango taratibu. Ofisini alieleza kwa maneno machache kwamba amemwona mke wa Anaclet kwa macho yake, na kwamba ni mwanamke mwenye bidii.

Uamuzi ulitolewa siku hiyo hiyo. Nyumba haitachukuliwa. Kwa kuwa kuwapo kwa mke kumethibitishwa na ofisa aliyeapa, anaruhusiwa kutwanga kila siku ya kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Na kwa kuwa ruhusa hii ni ya mtu binafsi, Jumatatu afike mwenyewe ofisini, bila mumewe, kuipokea.