Mchoro Usiowezekana

Silvana alikuwa kwenye duka la steshenari pale Majengo, tasnifu yake ikisubiri kuchapwa, msimamizi wake alipopiga simu kutoka chuoni.

"Ule mchoro wa mwisho uondoe. Hauwezekani."

Mchoro ulihusu kipande cha madini meusi, chembamba kuliko ganda la kitunguu, alichokibandua tabaka kwa tabaka kwa selotepu. Kikipozwa sana, umeme ulipita ndani yake bila ukinzani wowote. Vitabu vilisema sumaku kali huiua hali hiyo. Katika kipande chake haikufa.

"Nimepima mara tisa, Profesa."

"Basi umekosea mara tisa. Ukiuacha, sisaini."

Miaka minne ya Silvana maabarani ilikuwa kwenye saini hiyo, na nyumbani Chala mama yake alishaloweka ulezi wa pombe ya sherehe. Mwenye duka alimtazama, mkono ukiwa juu ya kipanya.

"Nakuheshimu, Profesa," alisema. "Lakini nilichokiona nimekiona."

Akakata simu.

"Toa nakala tano, kaka. Na huo mchoro wa mwisho uutoe kwa rangi."