Kitambaa cha Njia Panda

Tumu alishuka kwenye baiskeli, akashika fundo la kitambaa chekundu alichokifunga mwenyewe wiki iliyopita, kwenye mti wa njia panda juu ya bonde la Mkurumudzi. Kitambaa kiliwaelekeza waendesha baiskeli washuke kushoto. Mvua ya juzi ilikuwa imebomoa kivuko huko chini, na wageni ishirini wa baiskeli walikuwa njiani.

"Usikifungue," alisema bibi mmoja.

Alikuwa amepiga magoti chini ya mti. Mbele yake kulikuwa na chetezo cha ubani na kibakuli cha marashi.

"Shikamoo, bibi. Kitambaa hiki ni changu. Ni alama ya baiskeli tu."

"Marahaba. Na nani alikutuma uje ukifunge hapa?"

Siku ile rangi ya kuchorea alama ilikuwa imekwisha dukani, Tumu akanunua kitambaa. Hakukumbuka kwamba huku nguo nyekundu mtini ni ya mzimu.

"Mjukuu wangu alikuwa hali wala hanywi," bibi alisema. "Nimeweka nadhiri hapa, na jana amekunywa uji. Ukikifungua, mama yake nitamwambia nini?"

Fundo lilikuwa limelowa marashi, nalo lilikuwa limeanza kulegea vidoleni mwake. Nyuma ya kilima, changarawe zilianza kulia chini ya magurudumu.

Tumu aliliachia. Aliilaza baiskeli yake kuziba njia ya kushoto, akaketi juu ya changarawe kati ya baiskeli na chetezo, amekunja uso.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema bibi. "Unazuia moshi."