Sufuria ya Marehemu

Siku moja baada ya kutoka eda, Bi Mwanakheri aliingia katika ofisi ya Mfuko wa Mji, wanakotoa wenye nacho na kupokea wahitaji, na sufuria kubwa kichwani, ile ambayo marehemu mumewe alikuwa akiitumia kupikia harusi za mtaa mzima. Akaitua kwenye benchi la wanaotoa.

"Mama, benchi lako ni lile," karani Shomvi alimwambia, akionyesha walikoketi watu wenye mifuko mitupu. "Unga wako tumekuwekea."

"Unga nitachukua. Kwanza pokea sufuria. Mtu akifiwa au akiozesha, aje aazime hapa."

Shomvi alifungua daftari, akalifunga. "Jina lako liko kwa wanaopokea. Utaratibu hauruhusu."

"Huo utaratibu ulizaliwa na nani?"

Watu wakacheka. Shomvi hakucheka. "Irudishe nyumbani, mama, ukapikie."

"Nimpikie nani, mwanangu? Nyumba nzima tumebaki mimi na kijiko. Miezi minne na siku kumi mmenilisha, nami nimeshukuru hadi shingo imeniuma. Aliyekufa ni mume wangu. Mikono yangu ingali hai."

Akaibeba sufuria hadi mlangoni, akaifudikiza, masizi juu, akaikalia na kanga yake mpya. "Niandike pande zote mbili. La sivyo, leo haingii mtu wala hatoki."

Shomvi akaanza kuitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.

Mzee mmoja wa magongo akainuka, mfuko mtupu kwapani. Akavuka chumba taratibu, akaketi kwenye benchi la wanaotoa.